Tathmini ya mtoto "mtukutu" Mombasa: kliniki iliyopima masikio kwanza

Mzazi anayetafuta Mombasa mahali pa kumpima mtoto mwenye matatizo ya tabia hupewa majibu mengi kabla ya mtoto kufanyiwa kipimo hata kimoja. Shule humwambia kwamba mtoto ni mkorofi, jamaa humwambia ametupiwa jicho, jirani humwambia amedekezwa, na daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango huandika jina la ugonjwa kabla mama hajamaliza kueleza. Huduma ninayoizungumzia hapa ni ya kliniki ndogo ya kibinafsi upande wa Nyali, inayoshughulikia ukuaji na tabia za watoto. Jina lake silitaji kwa sababu mwanangu bado anahudumiwa pale, na ningependa mambo yake yabaki yake. Naisifu kliniki hii kwa dhati, na nitaeleza kwa nini, pamoja na kasoro zake ambazo mzazi anafaa kuzijua kabla ya kutoa pesa.

Mwanangu ana umri wa miaka saba na yuko gredi ya pili. Malalamiko ya shule yalikuwa yale yale kila muhula: hatulii kitini, hafuati maagizo, hamalizi kazi, akiitwa haitiki, na wenzake wakimsogelea huwasukuma. Katika kliniki nyingine ya mjini, ambayo nayo siitaji, tulikaa na daktari kwa muda mfupi sana, tukaulizwa kama mtoto ni mtundu, tukajibu kwamba ni mtundu, tukatoka na karatasi iliyoandikwa ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopindukia, na dawa ya kumtuliza. Hakuna aliyemuuliza mwalimu chochote. Hakuna aliyeangalia ndani ya sikio lake. Sisemi kwamba dawa ile ni mbaya, kwani kwa mtoto ambaye kweli ana hali hiyo, methylphenidate inaweza kumfungulia masomo na urafiki aliokuwa ameukosa. Ninachosema ni kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD, kwa hiyo njia pekee ya kuifikia kwa haki ni kukusanya ushahidi kwa subira, na pale mjini ushahidi haukukusanywa.

Vigezo vyenyewe havifichwi. Mwongozo wa DSM-5, uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani na ambao hutumiwa na madaktari wengi duniani, unataka mtoto awe na angalau dalili sita kati ya tisa za upungufu wa umakini, au sita kati ya tisa za utukutu na papara. Dalili hizo ziwe zimedumu kwa miezi sita au zaidi, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Kisha kuna sharti ambalo wenye haraka hulisahau: dalili hizo zisiwe zinaelezeka vizuri zaidi kwa sababu nyingine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalokula muda, na ndilo lililonifanya niiheshimu kliniki ya Nyali.

Kikao cha kwanza pale hakikumgusa mtoto hata kidogo. Mtoto alipelekwa kucheza kwenye chumba cha pili mlango ukiwa wazi, nasi tukaulizwa maswali kwa utaratibu: ujauzito ulikwendaje, alizaliwa kwa njia gani, alilia mara moja au alichelewa, alipata manjano, alitembea lini, alisema neno la kwanza lini, amewahi kulazwa kwa malaria kali, amewahi kupata degedege, huwa anakodoa macho na kupotea kwa sekunde chache kisha anaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Swali hilo la kukodoa macho linahusu aina ya kifafa isiyomwangusha mtoto chini, ambayo darasani huonekana kama uzembe. Hapa pwani, ambako malaria kali imeacha watoto kadhaa na kifafa au ugumu wa kujifunza, daktari asiyeuliza kuhusu homa za utotoni ameruka ukurasa muhimu.

Alituuliza pia kama mtoto amewahi kusomewa, kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, au kupewa dawa za miti shamba, na aliuliza kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia chanjo. Nyanya yake, ambaye tulikwenda naye, alikuwa kimya tangu tuingie, mikono imekunjwa ndani ya buibui. Swali lile lilimfungua. Akaeleza kwamba ndiyo, alisomewa, na sababu ni kwamba usiku hatulii kabisa. Daktari akamgeukia yeye, akatuacha sisi wazazi pembeni.

"Bi mkubwa, ukienda kumfunika usiku, unamkuta amelala vipi?"

"Kinywa wazi, mwanangu, na mto umelowa mate. Akikoroma utadhani mtu mzima. Na tangu lile sikio lake litoe usaha alipokuwa mdogo, mimi namuona hasikii vizuri, lakini hawa huniambia ni ukaidi."

Sehemu kubwa ya tathmini yote iliyofuata ilitokana na jibu hilo la bibi anayelala chumba kimoja na mjukuu wake. Nawashauri wazazi wenzangu wampeleke kwenye kikao cha kwanza yule anayeishi na mtoto saa nyingi zaidi, awe nyanya, shangazi au msichana wa kazi, kwa sababu baba na mama wanaotoka alfajiri na kurudi magharibi hawawezi kujibu nusu ya maswali yale.

Swali lingine lilinishangaza mpaka nilipoelezwa sababu yake. Tuliulizwa mitaa yote tuliyowahi kuishi tangu mtoto azaliwe, na tulipotaja upande wa Mikindani, daktari akataka kujua kama ilikuwa karibu na Owino Uhuru. Wakazi wa Mombasa wanaijua habari hiyo: kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi pale kuanzia 2007 hadi 2014 kilimwaga madini ya risasi hewani, majini na kwenye udongo, mwanaharakati Phyllis Omido akaongoza mapambano, mahakama ikaamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikalirejesha agizo hilo Desemba 2024 baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Nilikuwa naifahamu kama habari ya kesi. Sikuwa nimeiunganisha na darasa la mwanangu. Risasi ikiingia katika mwili wa mtoto mdogo, hata kwa kiasi kidogo, inaweza kudhoofisha umakini, kumfanya awe na hasira za haraka na kupunguza uwezo wake wa kujifunza, na udongo uliochafuliwa haujisafishi kwa sababu tu kiwanda kimefungwa. Damu ikachukuliwa, na majibu yakawa chini ya mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kikifikiwa lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Damu hiyo hiyo ilitumiwa kuangalia upungufu wa madini ya chuma, ambao nao huweza kumfanya mtoto asiwe makini na akose utulivu usingizini. Hilo nalo likaondolewa kwenye orodha.

Kisha wakawageukia walimu. Sisi tulijaza fomu ya Vanderbilt, inayokusanya dalili za ADHD kwa alama, yenye maswali 55, na mwalimu wa darasa akapewa yake yenye maswali 43. Fomu ya mwalimu ilirudi imejaa alama za juu. Lau kliniki ingeishia hapo, mwanangu angerudishiwa jina lile lile alilopewa mjini. Lakini mwanasaikolojia wao aliomba ruhusa yetu ampigie simu ustadhi wa madrasa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora zaidi waliyoifanya katika tathmini nzima. Ustadhi alishangaa kuulizwa kuhusu utukutu. Alisema mtoto huyo ni mtulivu, hukaa mbele yake kabisa, humwangalia mdomoni anaposoma na huirudia aya vizuri; shida yake ni kuchanganya herufi zinazokaribiana kwa sauti, hasa thaa na siin, hata baada ya kusahihishwa.

Mtoto mmoja, wiki moja, na picha mbili zisizofanana. Mwanasaikolojia akaomba aelezwe mpangilio wa darasa la shule. Mwanangu alikuwa akikaa nyuma, karibu na dirisha linaloelekea barabarani, feni ikizunguka juu yake, katika darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na mwalimu alimweka huko makusudi ili asiwasumbue wengine. Madrasa ana mwalimu umbali wa mkono, somo linarudiwa kwa sauti kubwa, na midomo anaiona. ADHD haikatazi mtoto kutulia mahali anapopendezwa au anaposimamiwa kwa karibu, na mwanasaikolojia alituonya tusikimbilie kusherehekea. Lakini tofauti kubwa kama hiyo kati ya mahali pawili ilidai maelezo, na maelezo ya kwanza ya kutafutwa yalikuwa masikio.

Kipimo chenyewe hakiumi. Mtoto aliwekewa kidude laini kwenye tundu la sikio, mashine ikasukuma hewa kidogo kuangalia kama ngoma ya sikio inacheza, na karatasi ikatoka yenye mchoro. Mtaalamu alituonyesha kwanza mchoro wa sikio lenye afya, ambao hupanda kama kilima na kushuka. Wa mwanangu ulikuwa mstari uliolala, kulia na kushoto. Nyuma ya ngoma zote mbili kulikuwa na majimaji mazito. Katika kibanda cha kupimia usikivu, ambapo aliagizwa ainue mkono kila asikiapo mlio, hakuinua mkono mpaka mlio ulipokaribia desibeli 30, ilhali mtoto mwenye usikivu wa kawaida husikia chini ya 20. Mtu anayezungumza naye kwa karibu chumbani humsikia. Mwalimu aliyegeukia ubao, feni ikivuma na matatu zikipiga honi nje, anamsikia vipande vipande. Nasi tukaelezwa jambo ambalo kila mwalimu wa chekechea na shule ya msingi anafaa kulijua: majimaji hayo huongezeka na kupungua, hivyo mtoto husikia vizuri siku hii na vibaya siku ile, na wakubwa huamini kwamba anachagua lini asikie. Mwanangu aliadhibiwa kwa fimbo kwa ajili hiyo, wakati Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kumuumiza mwanafunzi mwili. Hilo linaniuma hadi sasa.

Kliniki ilimpima pia lugha na uwezo wa kufikiri, na hapa nawasifu kwa jambo moja mahususi. Vipimo vingi vya aina hii vimetungwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani, na picha zake zina majiko ya kuotea moto na makoti ya baridi kali. Mwanasaikolojia aliendesha kikao kwa Kiswahili, kile cha nyumbani kwetu, na palipokuwa na picha ambayo mtoto wa Mombasa hana pa kuionea, aliiandika pembeni badala ya kumhesabia mtoto kosa. Mtoto alipoonyeshwa chombo cha kukunia nazi akasema "mbuzi," alikubaliwa bila swali, jambo ambalo mpimaji mgeni angeliandika kuwa ni kuchanganyikiwa. Ripoti ilisema wazi kwamba alama za sehemu hiyo zisomwe kwa tahadhari kwa sababu viwango vya kulinganisha si vya watoto wa hapa.

Kikao cha majibu kilikuwa kirefu. Nilitarajia jina, na daktari akaniambia hivi: "Mama, leo sitaandika ADHD, wala sitaandika kwamba hana. Huyu mtoto hasikii vizuri na halali vizuri, na mtoto wa namna hiyo lazima awe na fujo. Tumtibu kinachoonekana, halafu nimpime upya akiwa anasikia." Kwenye ripoti aliandika kwamba hali hiyo haijathibitishwa, akataja dalili alizoziona na zile alizozikosa, na akaweka muda wa kumrudia. Ni rahisi kwa kliniki kumpa mzazi aliyechoka jina analolitaka na kumtoza pesa kwa hilo. Hawa walinipa majibu yasiyokamilika, na ndiyo yaliyokuwa ya kweli.

Daktari wa masikio, pua na koo, katika hospitali nyingine, alikuta nyama za puani zimevimba kiasi cha kuziba njia ya hewa. Nyama hizo zinaeleza mambo mawili kwa pamoja: huzuia mrija unaotoa majimaji kwenye sikio, na humfanya mtoto akorome na kukatizwa usingizi, akaamka hajapumzika na kushinda mchana hatulii. Kwa kuwa majimaji ya sikio mara nyingi hukauka yenyewe katika miezi mitatu, daktari alisubiri, akapima tena, kisha ndipo akapendekeza upasuaji. Wakati wa kungoja, kliniki ya Nyali iliiandikia shule barua fupi yenye maombi mepesi: mtoto akae mbele, mwalimu amguse begani kabla ya kumpa agizo, na agizo liwe moja kwa wakati. Mwalimu wa darasa, ambaye kwa kweli ana moyo mzuri na watoto wengi mno, aliyatekeleza yote, na malalamiko yakapungua hata kabla ya upasuaji kufanyika.

Sasa anasikia, analala kinywa kimefungwa, na kusukumana na wenzake kumekwisha kabisa, kwa kuwa sasa anawasikia wakija. Bado ni mwepesi wa kupotewa na kazi aliyoianza, na katika kipimo cha marudio alama zake za umakini zilishuka lakini hazikufika chini kabisa. Daktari anaendelea kumfuatilia bila dawa, na kama itathibitika baadaye kwamba ana ADHD pia, nitaupokea uamuzi huo kwa sababu nimeona umefikiwa vipi.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni gharama. Tathmini nzima, bila kuhesabu kipimo cha damu na upasuaji, ilitugharimu kiasi kinachokaribia karo ya muhula katika shule ya kibinafsi ya kawaida. Kliniki haipokei SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kazi hii, na bima za kampuni nazo zililipa kumwona daktari peke yake, zikaacha kazi ya mwanasaikolojia mikononi mwetu. Waliturahisishia kwa kukubali tulipe kwa mafungu kwa M-Pesa, lakini familia ya kibarua wa bandarini haiwezi kumudu hata hivyo. Ya pili ni muda wa kungojea nafasi, ambao ulikuwa wa wiki nyingi, na hakuna anayekupigia kukueleza umefikia wapi kwenye foleni. Ya tatu, ambayo naiona nzito kuliko wao wanavyoiona, ni kwamba ripoti ilitolewa kwa Kiingereza cha kitaalamu peke yake. Mtoto alipimwa kwa Kiswahili, nyanya yake alihojiwa kwa Kiswahili, na ustadhi alijibu kwa Kiswahili, kisha matokeo yakaandikwa kwa lugha ambayo wawili kati ya watu waliotoa ushahidi muhimu hawawezi kuisoma. Niliomba muhtasari, nikapewa ukurasa mmoja mzuri. Ungepaswa kutolewa bila kuombwa. Pia hawana mtaalamu wa tiba ya usemi pale pale, hivyo anayemhitaji hupelekwa kwingine na kuanza foleni upya. Kuhusu usafiri, anayetoka Likoni apange kufika kivukoni mapema, kwa sababu ukichelewa nafasi hupewa mwingine, na mapokezi hawabembelezeki.

Kwa asiyeweza kulipa, njia ya umma ipo ingawa ni ndefu. Hospitali ya Rufaa ya Pwani ina madaktari wa watoto na wa masikio, na mzazi anaweza kuomba kwa haki kabisa kwamba usikivu upimwe kabla ya mazungumzo yoyote ya dawa za tabia. Vituo vya serikali vya tathmini na nyenzo za elimu, ambavyo Kenya ilivianzisha mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, huwapima watoto kwa ajili ya mahitaji yao shuleni, na karatasi yao ina uzito kwa mwalimu mkuu hata pale ambapo barua ya kliniki ya kibinafsi haina. Havichukui nafasi ya daktari, na daktari havichukulii nafasi. Mzazi mwenye nguvu apite kote kuwili na kuhifadhi nakala ya kila karatasi.

Kliniki ya Nyali naipendekeza kwa mzazi ambaye mtoto wake ana tabia zinazobadilika kutoka mahali hadi mahali, au ambaye alishapewa jina la ugonjwa katika ziara moja na moyo wake haujatulia. Aende na fomu ya chanjo, madaftari ya shule ya mihula iliyopita, na video fupi ya mtoto akiwa usingizini, maana daktari aliiomba na sisi hatukuwa nayo. Kwa mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa anayasema, anayekodoa macho na kutosikia hata akiguswa, au aliyebadilika ghafla baada ya homa au kuanguka kichwa, asingoje nafasi ya wiki nyingi pale. Aende hospitali kuu leo.